Foleni Mbili za Mkia wa Mamba

Verna Stukes hakuwa mtu wa kuamini upesi. Daktari akimwambia presha imeshuka, alitaka ipimwe tena kwenye mkono wa pili. Nilimfahamu kazini, mimi nikiuza maji ya limau ya barafu kwenye kibanda kinachotazamana na Mkia wa Mamba, lile gari la reli linalojipinda na kudondoka juu ya bwawa katika bustani ya michezo ya Halloran, nje kidogo ya Kissimmee. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, na alikuwa amefanya kazi kwenye mchezo ule mmoja kwa miaka kumi na tisa.

Zamani foleni ilikuwa moja. Mwenye mali na mfagiaji walitokwa jasho pamoja, mtu akafika zamu yake, akapanda. Kisha wenye bustani wakaleta mpango wa kuweka nafasi kwa simu. Watu wakaanza kuamka kwenye hoteli zao saa moja kamili asubuhi, wakigombania saa ya kupanda kabla hata ya kunawa uso. Anayelipa dola ishirini na mbili zaidi huchagua saa yake, huja akitembea polepole, hugusisha simu kwenye mashine na kupita. Verna akawekwa pale foleni mbili zinapokutana. Aliagizwa kupitisha makundi manne ya waliolipa, kisha kundi moja la wale wengine. Kazi yake ikawa kuinua kiganja na kumzuia mtu aliyechoka.

"Bibi, sisi tuko hapa tangu saa nne! Hao wametokea wapi?"

"Wametokea kwenye simu, mwanangu. Hata mimi nashangaa kama wewe."

Siku moja ya Agosti, baba mmoja aliyevaa kofia ya Georgia alifika mbele yake akacheka. "Ubao wenu umeniambia dakika mia na arobaini. Nimetumia sabini na tano. Silalamiki, ila mke wangu ameogopa namba akarudi hotelini."

Verna hakucheka. Ubao ule wa muda wa kusubiri ulikuwa pale watu wanapoingilia foleni, na ulisimamiwa na rafiki yake Delmar Quigg, mzee wa miaka sabini na moja aliyewahi kuendesha basi la shule. Kila nusu saa Delmar alimpa mgeni mmoja kadi yenye utepe mwekundu. Mgeni akifika mbele alimkabidhi Verna, mashine ikasoma amesimama muda gani, na jibu likarudi kwenye kioo cha kompyuta ya Delmar ili alithibitishe na kuliweka ubaoni. Kwa hiyo namba ya kweli ilikuwepo. Basi ilipotelea wapi njiani?

Akanunua kijidaftari. Kwa wiki mbili aliandika kadi ilisema nini na ubao ulisema nini. Asubuhi vilikubaliana. Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, ubao ulizidisha, wakati mwingine karibu mara mbili. Na chini ya ubao huo huo palikuwa na tangazo: *Usichoke bure. Weka nafasi yako sasa.*

Alikuja kwenye kibanda changu akiwa ameshika kijidaftari kifuani. "Wanawatisha watu ili wanunue nafasi."

"Nani?"

"Hao wa juu. Nani mwingine?"

Tangu siku ile hata mimi nikawa nautupia ubao jicho.

Ijumaa Delmar alipoleta karanga zake za kuchemsha, kama kawaida yake, Verna alimwambia ana kwa ana, "Ubao wako unadanganya, Delmar."

"Ubao ni mashine, Verna. Mashine haina dhambi." Akajishughulisha na maganda, hakumtazama. Verna aliliona hilo, akadhani mzee anaogopea kibarua chake.

Akampelekea daftari msimamizi wetu, Rochelle Amundsen. Alitegemea kufukuzwa ofisini. Badala yake Rochelle alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Kanishukuru mno," Verna aliniambia. "Sijaipenda hiyo asante."

Siku tatu baadaye Delmar aliitwa ofisini katikati ya zamu. Mafundi walikuwa wamechungulia ndani ya mashine, wakakuta namba zinabadilishwa kwa mkono, na kila mara kwa jina lake. Hakubisha. Saa nane alipita mbele ya kibanda changu na mfuko wa nguo, beji imetolewa kifuani, akanipungia kama mtu anayekwenda kula.

Verna alimkuta kwenye maegesho ya wafanyakazi, kaketi ndani ya gari lake mlango wazi, injini haijawashwa. Mazungumzo yao nilisimuliwa na Verna, na baadaye Delmar mwenyewe akanihakikishia.

"Ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Walikulipa?"

"Nani anilipe mimi, Verna? Hivi nafanana na mtu aliyelipwa?" Akafuta jasho shingoni. "Unamkumbuka yule mtoto wa Julai?"

Alimkumbuka. Sote tulimkumbuka. Msichana wa miaka sita, foleni ilikuwa imepita mwisho wa paa la kivuli na kumwagika juani, akaanguka chini kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Delmar ndiye aliyembeba hadi kwa wauguzi.

"Niliomba waongeze paa. Wakasema mwakani. Nikaomba tena, wakasema wamenisikia. Basi foleni ikikaribia mwisho wa kivuli, napandisha namba. Watu wanasoma, wanaguna, wanakwenda kwingine. Foleni inarudi ndani. Ndiyo hivyo tu."

"Na wale walionunua nafasi kwa sababu ya namba yako?"

"Niliwafikiria. Nikaona afadhali mtu apoteze dola kuliko apoteze fahamu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe? Ungetaka ushahidi." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kesho yake asubuhi Verna alikuwa mlangoni kwa Rochelle kabla hajafungua. Aliomba Delmar arudishwe, hata kwa kufagia.

"Bi Verna, alichezea namba za kampuni. Nia njema haibadilishi hilo."

"Na kivuli?"

"Kivuli kimo kwenye mpango."

Basi akaomba apewe nafasi ya Delmar, na akapewa. Sasa hakuna aliyegusa namba pale chini, iliteremka yenyewe kutoka ofisini. Verna alikalia kigoda cha rafiki yake, akagawa kadi za utepe mwekundu, na wageni walioshuka kwenye gari wakipita mbele yake aliwauliza walisimama muda gani. Wiki ya kwanza ubao ulisema mia na thelathini. Wageni walisema sabini. Delmar alikuwa nyumbani kwake St. Cloud akimwagilia nyanya.

Alipompelekea Rochelle habari hiyo, safari hii hakushukuriwa. "Mfumo unakadiria foleni itakavyokuwa, Bi Verna, si ilivyokuwa." Huenda ni kweli. Mimi sijui, na Verna hakujua. Alimpigia Delmar simu, mzee akafikiri kidogo, kisha akasema, "Labda tulikuwa wawili, mimi na hao wa juu, kila mtu na sababu zake, bila kujuana." Alikuwa ameshapata kazi ya kuendesha basi la kanisa siku za Jumapili, na hakuonyesha kinyongo. Hilo ndilo lililomwumiza Verna kuliko lawama.

Akaanza kuwaambia watu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Ubao unasema mia na thelathini. Mimi naona sabini. Ila mwisho huku hakuna kivuli, mvisheni mtoto kofia." Wengine walimshukuru, wakaingia.

Alasiri moja akaja mama mwenye kigari cha watoto mapacha, wametoka Ohio, na mumewe nyuma amebeba mikoba yote. Verna aliwaambia maneno yale yale. Mama akaitazama beji ya Verna, akautazama ubao, akamvuta mumewe pembeni, na mimi kibandani nikamsikia wazi:

"Kwa nini anatuhimiza tuingie huko? Kuna kitu."

Mume akatoa simu, akalipia nafasi mbili, wakaondoka zao. Mama aligeuka mara mbili kumwangalia Verna.

Wakati wa mapumziko Verna alikuja kwangu, akaomba maji ya limau, akanywa nusu kabla hajasema lolote.

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

"Simlaumu yule mama," alisema. "Ningekuwa yeye, na mimi nisingemwamini Verna."