Salamu Ambazo Sikutumwa

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na sijawahi kuvuta kitu chochote maishani. Nayasema haya mapema kwa sababu kila niliyemsimulia ameanza kwa kuniuliza hayo matatu. Mimi mwenyewe nimeshajiuliza mara nyingi kuliko wote. Ndiyo tabia yangu, hata meseji yenye neno moja la "sawa" naisoma mara sita nione kama nimekasirikiwa. Jambo hili nimelipima pande zote, na bado lilitokea.

Ilikuwa Septemba 2016. Nilikuwa nimemaliza chuo hapa Johannesburg, natuma maombi ya kazi kwenye ofisi za Sandton na kujibiwa kimya. Nilipanga chumba cha uani Jeppestown, kwa Mama Zuhura, fundi cherehani kutoka Morogoro. Mumewe, Idrisa, alikuwa mpigania uhuru wa huku aliyekuja kuishi uhamishoni kwetu Tanzania. Alisilimu, akamwoa, na kabla mtoto hajazaliwa akaondoka kurudi kwao kwa siri, kupitia milima ya Lesotho. Hakusikika tena. Uhuru ulipopatikana na wenzake wakarudi, Mama Zuhura naye alikuja na binti yake kumtafuta. Alizunguka ofisi zote. Mwishowe akabaki tu, akishona na kungoja. Mtu akimwita mumewe "marehemu" mbele yake, hapewi chai siku hiyo.

Lakini mwaka ule alikuwa amechoka. Binti yake Zuhura, mtu mzima sasa, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, alikuwa amembembeleza miaka mingi, na hatimaye mama alikubali: Idrisa asomewe hitima msikitini kule Mayfair, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kisha mama akae eda, alie, apumzike. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa.

Wiki moja kabla ya hitima, Patient, Mkongo wa Bukavu niliyesoma naye, akaazima gari la binamu yake ili twende milima ya Drakensberg, mpakani na Lesotho, kutembea siku tatu na mabegi mgongoni.

"Weye kichwa itapasuka mu ile chumba," aliniambia. "Twende ukaone maji."

Maji tuliyaona. Theluji ilikuwa imechelewa kuanguka mwaka ule, na jua la Septemba lilikuwa linaiyeyusha kule juu, mto unateremka bondeni ukiwa wa kijivu, unaviringisha mawe. Mlinzi wa getini alikuwa ametuonya: vukeni asubuhi, usiku theluji huganda na maji hupungua, mchana usithubutu. Siku ya pili tulifika kivukoni saa tisa alasiri. Kosa langu. Asubuhi nilifungua na kufunga begi mara tatu kuhakikisha nina viberiti.

Patient alitazama mto, akatikisa kichwa. "Eish. Minaenda kutafuta fasi ya kupita kule chini. Kaa hapa na mabegi, dada. Na usianze kuwaza."

Nilikaa, nikaanza kuwaza. Ukungu ulishuka kidogo. Nilipoinua macho, ng'ambo ya mto alisimama kijana wa miaka kama ishirini na mitano, suruali ameikunja hadi magotini, viatu amevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, kama mtu aliye tayari kuvuka. Alinitazama, labda kwa sababu ya khanga niliyojifunga kichwani.

"Habari za nyumbani, binti?" alisema. Kiswahili safi cha Morogoro, kwa ulimi wa mtu wa huku.

Ndugu zangu, mtu akikuuliza habari za nyumbani, unajibuje? Unasema nzuri. Hata nyumba ikiwa inaungua, utasema nzuri kwanza, moto utautaja baadaye. Nikajibu kama nilivyofundishwa tangu utotoni: "Nzuri tu. Wote wazima, wanakusalimu."

Wanakusalimu! Nani? Hakuna aliyenituma. Ni neno tu, tunalisema ili mtu asijione amesahaulika.

Yeye hakulichukua kama neno tu. Alisogea hadi maji yakamgusa vidole. "Asha naye ananisalimu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema sijui. Nimeparudia kichwani kila siku. Lakini mngeuona uso ule, nani kati yenu angeuambia hapana?

"Anakusalimu sana," nilisema.

"Hajaolewa?"

"Hajaolewa. Anakungoja."

Kwa nini niliongeza hilo? Sikumjua Asha yeyote. Nilitaka tu afurahi, na kweli alifurahi. Alicheka, akafuta macho kwa kiganja. "Zimefika," alisema. "Salamu zimefika. Nami mwambie namsalimu. Mwambie maji yamejaa leo tu. Asubuhi yatapungua, nitavuka."

Bega langu likashikwa, nikaruka. Alikuwa Patient, amerudi. Midomo yake ilikuwa inacheza, nami sisikii kitu. Ikabidi aweke mdomo sikioni mwangu na kupiga kelele: "Hakuna fasi! Tutalala huku!"

Hapo ndipo nilipogutuka. Mto ulikuwa unanguruma kiasi kwamba mtu aliyenishika bega sikumsikia. Yule wa ng'ambo, hatua arobaini kutoka nilipo, alikuwa amezungumza kwa sauti ya mtu aliyeketi kando ya kitanda.

Nilimwonyesha Patient ng'ambo kwa kidole. "Yule kaka amekwenda wapi?"

"Kaka gani? Hakuna mutu! Na hata angekuwako, ungemusikia namna gani?"

Ukingo wa ng'ambo ulikuwa na theluji iliyobaki, nyeupe. Haikuwa na alama hata moja ya mguu.

Njia nzima ya kurudi Johannesburg nilihesabu: Morogoro, Lesotho, kijana asiyezeeka. Huenda siye. Maasha wako wangapi duniani? Na Jumapili ni hitima. Tulipofika roboti ya kwanza ya mjini, yaani taa za barabarani, nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Mama Zuhura nilimkuta uani, anapepeta mchele wa hitima kwa ungo.

"Karibu, mwanangu. Habari za milimani? Hukuniletea salamu?"

Alikuwa anatania. Lakini mimi nilikuwa nimeshadanganya mara moja kwa ajili ya adabu, na mara ya pili sikuweza. "Mama," nilisema, "jina lako hasa ni nani?"

"Asha. Mbona waniuliza?"

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Ulimwambia namsalimu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Wala hukusema uongo." Akaumimina mchele wote ndani ya gunia lilelile ulimotoka. "Mtu anayepokea salamu hasomewi hitima."

Hakuna aliyeweza kumgeuza, si Zuhura, si masheikhe wa Mayfair. Tangu siku hiyo aliamka kabla ya adhana, akafungua geti, akaketi hapo kwenye kiti mpaka jua lichomoze, kwa sababu alikuwa ameambiwa asubuhi. Geti wazi alfajiri, Jeppestown! Mwezi wa pili wezi waliingia wakabeba cherehani yake. Kesho yake alifungua tena.

Zuhura alinijia chumbani. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema Kiswahili, polepole, kama mtu anayetembea juu ya mawe. "Wewe ulimwona siku moja. Mimi nimemngoja tangu tumboni. Mama alikuwa amekaribia kupumzika. Ulitaka kumfurahisha nani?"

 

Baridi ya Juni 2018 ilimshika Mama Zuhura kifuani palepale getini. Alikaa hospitali siku nne, na muuguzi alituambia kwamba hadi mwisho alikuwa akiuliza kama kumekucha. Hitima ilisomwa, yake peke yake. Sheikhe aliuliza kama amtaje na mume, Zuhura akasema hapana, mama alikataza.

Septemba hiyo nilirudi kwenye ule mto, na Patient, asubuhi mapema. Maji yalikuwa ya magotini; mtoto angeweza kuvuka. Nikasimama nikaita ng'ambo: "Asha amefariki! Usingoje tena! Nisamehe!" Hakutokea mtu. Niliita mpaka sauti ikakauka, na Patient, ambaye hakuwahi kuniamini, akavua kofia yake akasimama nayo mkononi. Labda yule kijana hakusikia. Labda habari za namna hiyo hazivuki. Nikifumba macho namwona bado amekunja suruali, akiyatazama maji kwa subira, kwa sababu mimi nilimwambia kuna mtu anamngoja.

Basi nyinyi mnaosafiri nchi za watu, mkiulizwa habari za nyumbani na msiyemjua, mahali pasipo na nyumba, msijibu kwa mazoea. Msimpe mtu salamu ambazo hamkutumwa. Mwambieni hamjui. Yule kijana ingemuuma siku ile moja, lakini huenda angevaa viatu vyake akaenda zake.