Tulipopeleka Habari za Nyota kwa Yaya

Nilikwenda Likasi kutafuta ruhusa. Binti yangu Zaina alikuwa amekubaliwa chuo kikuu kule Lubumbashi kusoma fizikia, na hamu yake yote ilikuwa kwenye nyota, hasa zile zinazokufa na kuacha mashimo meusi. Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha. Kwetu mtoto haendi mbali bila neno la mkubwa wa ukoo, na mkubwa wetu ni kaka yangu Amisi, ninayemwita yaya, mchimbaji wa shaba kule Likasi. Yeye alikuwa ameshatuma neno kwamba Zaina asomee uuguzi, hapa hapa Kolwezi. Mimi ni fundi cherehani, nimefiwa na mke, sipendi ubishi. Nikasema twende, yaya ataamua.

Ijumaa asubuhi tuliondoka Kolwezi ndani ya lori la mteja wangu mmoja. Tulivuka mto Lualaba, tukapita Fungurume, na malori ya madini yakatujaza vumbi mpaka kwenye mandazi tuliyobeba. Njia nzima Zaina alinifundisha. Nyota, alisema, ni tufe la gesi lenye uzito wa kutisha. Uzito unaivuta ijiangukie ndani, moto wa katikati unasukuma nje, na vikilingana nyota inatulia kwa mamilioni ya miaka.

"Sasa, papa," binti yangu aliniuliza, "moto ukiisha?"

Nikamwambia nasikia njaa. Akacheka, akaendelea. Jua letu ni dogo, litazimika polepole bila kuacha shimo. Zile kubwa mno ndizo zinazoporomoka. Nilijifanya nimechoka kusikiliza, lakini kusema kweli nilijaa fahari.

Saa saba mchana tulifika nyumbani kwa yaya, mtaa wa Kikula, Likasi. Shemeji yangu, Mama Aziza, alitupa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kisha akatuambia mumewe hayupo.

"Analalaka kule kwa shimo juma muzima," alisema. "Kesho mumufuate."

Jumamosi asubuhi pikipiki ilitupeleka upande wa Kakanda, mahali yaya na kundi lake wanapochimba kwa mikono. Huko mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Wachimbaji wanaamini akikaribia, madini yanakimbia. Zaina akanitazama. Nikamwomba kwa macho anyamaze. Basi yaya alimkalisha mbali kidogo, juu ya chungu ya udongo uliotolewa shimoni, na wachimbaji wawili waliokuwa wakipumzika wakasogea kusikiliza.

"Banasema unataka kusoma mashimo," yaya alimwambia. "Minye nimekaa mu mashimo maisha yangu yote. Nielezee yako."

Zaina akaeleza. Nyota kubwa inachoma gesi yake, ikiisha inachoma majivu yake, na majivu ya majivu, mpaka inafika kwenye chuma. Chuma hakitoi joto tena. Hapo hakuna kinachosukuma nje, na moyo wa nyota unaporomoka kabla hujamaliza kutaja jina lako. Ukiwa mzito vya kutosha, unabanwa mpaka mvuto wake hauachii hata mwanga utoke.

Yaya akakuna ndevu. "Mutoto, unanidanganya. Kila shimo iko na udongo yake pembeni. Ile yako, udongo banautupaka wapi?"

Wachimbaji wakaguna kumuunga mkono. Hawa watu hupima shimo la mwenzao kwa kutazama chungu iliyo kando; shimo lisilo na udongo kwao ni uongo. Zaina aliinama akautazama udongo aliokalia, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona yameisha.

"Baba mukubwa, hakuna mutu anachimba," alisema mwishowe. "Ya katikati haikutoka, imebanwa mule mule. Lakini ya inje inalipuka, inaruka mbali sana. Ile njo udongo yake. Hii shaba, hii kobalti, ilipikwa mu nyota kubwa sawa zile, mbele hata jua haiyazaliwa. Si zote ziliacha shimo. Lakini udongo yao njo hii nimekalia."

Yaya aliokota jiwe la kijani, akaligeuza mkononi. "Miaka yote hii minye nilizani Mungu aliiweka tu hapa."

"Mungu njo aliiweka," Zaina akasema. "Minye nakuambia alipitishia wapi."

Sijawahi kumwona kaka yangu akimtazama mtu kwa heshima namna ile. "Aende," alisema. Kisha akanigeukia. "Na weye, unasema nini?"

"Mimi nafuata neno lako, yaya."

"Neno yangu? Habari ya uuguzi nani aliniletea? Si njo weye uliniambia mutoto anapenda uuguzi?"

Zaina akanigeukia taratibu. Nilitamani nizame ndani ya shimo lao. Nikasema ukweli: tangu mama yake afariki tumebaki wawili, na ninaogopa ile nyumba bila yeye.

Jumapili asubuhi tulikuwa kituo cha mabasi Likasi. Vyeti vyake vyote alikuwa amevibeba, kumbe. Nikamkatia tiketi ya Lubumbashi na kumwomba msamaha.

"Nimekusamehe, papa," alisema. "Lakini leo sikufundishi kitu."

Nilirudi Kolwezi peke yangu. Nimejifunza kwamba shaba tunayoiona kila siku ilitoka ndani ya nyota, na kwamba mimi ni mwoga. La kwanza limenifurahisha zaidi, na nimeshalisimulia kwa kila mteja.

Jumatatu saa tano Zaina alipiga simu: ameandikwa. Nikasema vizuri sana, mwanangu, nikakata haraka, maana mteja alikuwa amesimama mbele yangu na machozi yalikuwa yananidondoka kwenye suruali yake niliyokuwa naishona.