Ufunguo wa Choo cha Stendi

Majina yote ya siku ile ninayo kichwani, hata la aliyetuuzia maji njiani. Siyataji, maana mwanangu yupo na watu wanamjua.

Mwanangu huyo miguu ilimlemaa utotoni. Anatembea kwa viganja na magoti, magotini kafunga vipande vya kandambili. Akajaliwa kuzaa. Siku hiyo tulitoka Ruangwa kumpeleka mtoto hospitali Nachingwea, mtoto mgongoni kwangu. Tunashuka stendi, mwanangu ananiambia, "Mama, nimebanwa. Tangu njiani."

Choo cha wanawake kilikuwa na ngazi, na sakafuni maji yametuama. Wenye miguu walipita kwa ncha za vidole; yeye angepita na viganja. Kumbeba siwezi, nina mtoto. Pembeni palikuwa na mlango mpya usio na ngazi, umechorwa mtu kakaa kwenye gurudumu. Una kufuli.

Mlinzi wa choo, kwa salamu tu nikajua ni Mngoni. Mimi Mmwera. Sisi watani.

"Mtani, fungua."

"Ufunguo umekwenda Ruangwa."

Nikacheka. "Sisi tunatoka Ruangwa, mbona hatukupishana nao?"

"Mtauonaje, Wamwera mnalala njia nzima?"

"Fungua, mtumwa wangu. Babu yako tulimnunua kwa chumvi."

"Chumvi yenyewe mlituibia!"

Watu wakasogea. Nikajua anataka tutaniane mpaka aridhike, mtani hakupi kitu hivi hivi. Nikazidisha. Naye anajibu, lakini anamwangalia mwanangu pale chini, kisha anasema, "Bibi, anao msimamizi, kaondoka nao. Kweli." Hiyo "kweli" nayo nikaiona utani.

"Mama," mwanangu akasema. "Basi."

Nikageuka. Khanga yake imelowa, na saruji chini yake imelowa.

Mlinzi akanyanyua ndoo yake ya maji, akaimwaga yote pale pale. Mwanangu akalowa mpaka kifuani, mimi miguu yote. "Wamwera mmezidi!" akapiga kelele. "Leo nimewaogesha!"

Stendi nzima ikacheka. Mimi nikamtukana, matusi ya kweli, siyo ya utani. Mwanangu akanivuta khanga. "Mwache, mama. Twende."

Njia nzima ya hospitali alikuwa ananieleza kwamba yule bwana kamfichia aibu. Sikuelewa. Mtu anakufichia aibu kwa kukumwagia ndoo? Na kama ufunguo haukuwepo, mbona alitania? Na mimi je, mbona nilicheka, mwanangu kakaa pale chini? Mpaka leo nikiliwaza linanichanganya.

Jioni tuliporudi stendi, ule mlango ulikuwa wazi. Mlinzi kasimama kando, ufunguo mkononi. Hakutania. Mimi nami sikujua niseme ahsante au nini.

Mwanangu akasema nimfungie mtoto mgongoni kwake. Nikamwuliza, "Umebanwa tena?"

"Hapana. Nataka tu kufunga mlango."

Akaingia naye, akafunga. Akakaa humo mpaka konda alipotuita.