Zamu ya Maji Nkoaranga

Niliondoka Kaloleni, mjini, alfajiri moja kwa sababu chumba kilinichosha. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo miguu ndiyo imekuwa ikinifundisha. Sikuwa na mpango. Mlima ulikuwa wazi, nikaufuata.

Saa nne nilikuwa Nkoaranga, kati ya migomba na kahawa. Mwanamume mmoja alikuwa anaziba ukingo wa mfereji uliobomoka, kwa magogo ya mgomba na udongo. Nikaingia kumsaidia. Jina lake Anaeli. Akaniambia, macho yake kwenye maji, kuwa binti yake wa siku kumi na mbili yuko na mkewe hospitali mjini, midomo ya mtoto imegeuka bluu.

Mimi nikisikia jambo lazima niulize. Akanichorea kwenye tope. Mtoto akiwa tumboni ana kijia cha damu karibu na moyo, ambacho hufunga akishazaliwa. Kwa binti yake, njia ya kawaida ya kwenda mapafuni imeziba, hivyo anaishi kwa kijia hicho. Dripu ya dawa inakizuia kisifunge, kwa muda tu. Dar es Salaam madaktari wanaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, waache kibomba cha wavu cha kukishikilia wazi. Au wapasue kifua, washone njia mpya.

"Njia zote mbili si kuponya," alisema. "Ni kumpa muda akue, ndipo afanyiwe upasuaji mkubwa. Wanataka kujaribu mrija kwanza. Kijia kikiwa kimejipinda mno, watapasua. Gari la wagonjwa linaondoka saa tisa."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Mama yangu hajakubali."

Saa sita tulikuwa nyumbani kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Anaeli, huyu wa mjini umemwokota wapi?"

"Mferejini, mama."

"Amelowa kama chura. Mpe ndizi ale." Kisha uso ukabadilika. "Nimeshasema. Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa. Mtoto ni wetu sote. Na hilo bomba likiziba?"

"Linaweza kuziba. Hata njia ya kushonwa inaweza." Anaeli akaongeza polepole, "Mama, mfereji ukibomoka, nani husubiri Jumapili?"

Bibi aliitazama mikono ya mwanawe, tope limekaukia hadi viwikoni. Akafungua kitenge chake cha mabegani, akakikunja, akampa.

"Mfunike nacho. Ukoo nitausemesha mimi." Anaeli alikuwa ameshafika uani alipomwita tena. "Na zamu yetu ya maji kesho alfajiri? Nani atafungua mfereji?"

Wote wawili wakanigeukia.

Saa kumi simu ya bibi ililia. Akanipa nimsomee ujumbe wa Anaeli: *Tumepita Usa, njia ya Dar. Amelala. Anapumua.* Akaenda ukingoni mwa shamba, akasimama akitazama barabara kule chini, ambako magari yalionekana madogo kama siafu.

Jioni akanionyesha kitanda cha Anaeli, akaniwekea jembe mlangoni.

"Utaamka, au nikumwagie maji?"

"Nitaamka, bibi."

Nimelala nyumba nyingi za watu. Hiyo ndiyo ya kwanza niliyolala nikiogopa kuchelewa.