Gari Moja, Wajawazito Wawili

Watu walimwita Taratibu. Jina hilo alibandikwa na madereva wenzake kwa dhihaka, maana enzi za ujana wake alikuwa akikimbiza lori la mchanga kama anayefukuzwa na nyuki. Alipokabidhiwa gari la wagonjwa ndipo alipojifunza kwenda kama anavyoitwa. Gari lenyewe lilikuwa la shirika dogo lililohudumia akina mama na watoto katika vijiji vya ng'ambo ya bonde, ambako hapakuwa na zahanati wala duka la dawa. Lilikuwa hilo hilo moja. Mkunga alikaa nyuma na mgonjwa, Taratibu mbele, wakisemezana kupitia kidirisha kisicho na kioo.

"Polepole, kaka, huyu si mchanga," mkunga alizoea kumwambia, na mgonjwa akiwa na nguvu naye alicheka.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Walikwenda kumchukua binti wa muuza mkaa, mwenye mimba ya kwanza, aliyeanza kutokwa damu hata kabla ya uchungu. Mama yake, huyo muuza mkaa, alipanda naye, akakaa sakafuni na kumshika mkono. Mkunga alimtundikia maji, kisha akasogeza uso kidirishani.

"Hapa hatuna muda," alisema kwa sauti ya chini.

Kabla hawajafika bondeni wakamwona fundi baiskeli kando ya njia, mikono juu, shati limemganda mwilini. Mkewe alikuwa amelala kwenye mkokoteni chini ya turubai. Mtoto alikuwa ametanguliza mkono.

"Pita!" muuza mkaa alipiga kelele. "Pita, baba, mwanangu anaisha!"

"Dada, nasimama?" Taratibu aliuliza. Lakini mguu wake ulikuwa umeshakanyaga breki kabla mkunga hajafungua mdomo. Nafasi ya kupita ilikuwepo, tena aliiona.

Walimpakia mke wa fundi, wakamlaza sakafuni, fundi akapanda mbele, na muuza mkaa akabanwa ukutani, magoti kidevuni. Kwa kawaida lile tope la bondeni Taratibu alilivuka kwa kasi, akianzia juu ya mteremko. Safari hii alikuwa amesimama karibu nalo mno, gari limeongezeka uzito, na kasi hakuipata. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure, yakachimba, yakazama. Fundi alishuka kusukuma. Taratibu akakata matawi na kuyashindilia chini ya matairi kwa mikono, akarudi kwenye usukani, akashuka tena. Muda wote huo alimsikia muuza mkaa akimwita bintiye kwa jina la utotoni, na binti akiitikia, "Bee, mama." Kisha akawa anaita tu.

Walifika hospitali binti akiwa bado anapumua. Wote wawili waliingizwa chumba cha upasuaji. Mke wa fundi alipona, na mwanawe wa kiume pia. Binti wa muuza mkaa alitolewa mtoto wa kike aliye hai, lakini yeye damu aliyoongezewa haikutosha, na nyingine haikuwepo.

"Huenda hata mngewahi asingepona," daktari alimwambia Taratibu uani, akivua glavu.

Taratibu alirudi nyumbani na hiyo "huenda" ikimzunguka kichwani. Mkewe alimpakulia chakula, hakukigusa.

"Ungempita yule mwingine," mkewe alisema, "leo ungekuwa unamlilia huyo."

"Najua."

"Basi kula."

"Najua, mama watoto. Lakini sikumpita."

Mazishini alisimama nyuma kabisa. Muuza mkaa alimwona. Hakupayuka wala hakulia, alimwonyesha kwa kidole na kuwaambia wanawake waliomshika, "Yule ndiye aliyesimama."

Fundi baiskeli alikuja ofisini kushukuru, akiwa na mkewe na mtoto aliyefungwa vizuri kwenye shuka jipya. Taratibu alijifungia stoo ya vipuri mpaka walipoondoka. Mkunga alimsikia akihamisha matairi yasiyohitaji kuhamishwa, akamwacha.

Shirika lilikuwa likiwapelekea maziwa ya kopo watoto waliofiwa na mama zao. Mkunga alisema angemwomba mtu mwingine ayapeleke kwa muuza mkaa.

"Nitapeleka mimi," Taratibu alisema.

Akawa anapeleka kila wiki. "Shikamoo, mama," alisema mlangoni. Muuza mkaa aliyapokea makopo kwa mikono yake myeusi ya mkaa, akageuka bila kuitikia. Ndani, mtoto alilia, akanyamaza, na wiki nyingine akaanza kucheka. Taratibu hakuwahi kukaribishwa ndani.

Mvua zilipokatika, siku moja alimkuta ameketi kizingitini, mjukuu kampakata. Mtoto alikuwa na paji la uso la marehemu mama yake. Taratibu aliweka makopo chini na kugeuka aondoke.

"Yule mwingine," muuza mkaa alisema nyuma yake. "Mzima?"

"Mzima, mama."

"Na mtoto wake?"

"Mzima."

Mama alimfuta mjukuu mate kidevuni kwa upindo wa khanga. "Mimi sikutaka yule afe," alisema. "Nilitaka wangu apone. Wewe ulinisikia nikisema pita."

"Nilikusikia, mama."

Mama aliinuka na mtoto, akayasogeza makopo ndani kwa mguu, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata Taratibu alipeleka maziwa. Akatoa shikamoo yake, na haikuitikiwa.