Kichupa cha Maji ya Maporomoko

Padri alituhesabu tuliposhuka kwenye basi, akatuhesabu tena kwenye lango la mji, na mbele ya kanisa kuu akaanza upya. Tulikuwa makatekista kumi na wawili kutoka Kisangani, watu wazima wenye wake na watoto, tumevalishwa suti za kijivu za kitambaa kimoja. Miaka ile ya hamsini, mtu wa kwetu kupelekwa Italia ilikuwa sifa kubwa. Bon, sifa yenyewe ndiyo hii: kutembea wawili wawili, kutotoka kwenye mstari, kusimama tupigwe picha na wapita njia.

Picha hazikunihusu. Mfukoni nilikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi, na ndani yake maji ya maporomoko ya kwetu. Mdogo wangu aliteleza kwenye miti ya mitego ya samaki iliyosimikwa humo, mto ukamchukua, hatukumwona tena. Alikuwa bado anafundishwa dini, hajabatizwa. Padri huyu huyu alikataa kumsomea misa; alimwambia mama hakuna mwili, hakuna ubatizo, basi kanisa halina la kufanya. Mama akachota maji pale pale mwanawe alipoangukia. Siku ya safari alinishika mkono, akaniambia, "Umuzike kule, kwa kanisa kubwa. Usirudi naye."

Ndani ya kanisa mwenyeji wetu alituonyesha ngazi karibu na altare. Huko chini, alisema, wamezikwa maaskofu wa zamani. Nikamwomba padri ruhusa ya kushuka, dakika mbili tu. Akanijibu kwa upole, kama anavyomjibu mtoto, kwamba chini hakumo katika programu, tena watu wataogopa wakikutana na mtu mweusi peke yake gizani. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Bahari nzima nimeivuka, makaburi yako hatua kumi, na mguu wangu si wangu. Tukaambiwa tuimbe, tukaimba, mimi nikiwa nimekikaba kile kichupa mfukoni.

Kisha mstari ukageuzwa kuelekea mlangoni. Basi lilikuwa linangoja, na mji ule tusingeuona tena. Nikaona nitarudi na mdogo wangu mfukoni, nimwambie mama nini?

Pale mlangoni palikuwa na bakuli la jiwe la maji ya baraka. Kila mmoja alisimama, akachovya vidole, akapita. Ndipo mahali pekee katika siku nzima ambapo mtu aliruhusiwa kusimama peke yake. Nilipofika nilikuwa nimeshafungua kichupa kwa kidole gumba, suruali imelowa. Nikainama, nikamimina yote.

Nyuma yangu alikuwa padri, maana yeye hutembea wa mwisho ili atuhesabu. Akachovya.

Nyumbani mama hakuuliza habari za Ulaya. Aliuliza nimemzika wapi. Nikamweleza, nikiogopa atalia kwa kuwa si kaburi.

"Padri alitia mukono ndani?"

"Ndiyo, mama. Akajipaka kwa uso."

"Na akasema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu?"

"Alisema yote. Nilimusikia."

Mama akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Bon," akasema. "Basi mutoto amebatizwa."