Kibodi ya Boksi la Sabuni

Kompyuta ya kwanza ya Blandine Beya ilikuwa kipande cha boksi la sabuni. Mwalimu wake, tata Godefroid, alikichorea vitufe kwa kalamu ya wino, herufi moja moja, akaweka na safu ya tarakimu juu yake, kisha akakipigilia misumari kwenye meza ya ukumbi wa parokia ili kisiteleze. Kituo hicho cha mafunzo cha Musonoi kilikuwa na kompyuta moja nzima kwa wanafunzi thelathini na wanane, na umeme ulikuja siku ulipopenda. Nyaya nene za umeme zilipita juu ya paa la ukumbi zikielekea migodini. Chini yake watu walijifunza kuandika kwenye boksi.

Asubuhi Blandine aliosha mawe ya madini. Alisimama majini pamoja na wanawake wengine, maji yakimfika magotini, akatikisa ungo mpaka udongo uondoke, yabaki mawe ya kijani na meusi ambayo wanunuzi waliyataka. Saa nane alibadili nguo na kwenda parokiani: siku tatu kompyuta, siku mbili Kichina. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Matangazo ya kazi yaliyobandikwa barabarani yalikuwa na mstari mmoja usiobadilika, kwamba mwombaji awe chini ya miaka thelathini na tano. Ifikapo tarehe tisa ya mwezi wa tisa, siku yake ya kuzaliwa, mstari huo ungekuwa umemfungia mlango, na ungo ungebaki wake mpaka mgongo ukatae.

Tata Godefroid alikuwa amepiga taipu kwa miaka thelathini katika ofisi za mgodi, na sheria zake zilitoka huko. Alifunika mikono ya wanafunzi kwa kitenge cha marehemu mkewe ili wasiione.

"Mupigaji wa kweli haangalie bidole," alisema. "Macho ku karatasi tu. Mutu anatafuta kinywa na kioo wakati ya kula?"

Kijana mmoja aliyekuwa mchimbaji, Dimitri, alishindwa kabisa na sheria hiyo. Alichungulia chini ya kitenge, akatumia vidole viwili tu.

"Dimitri, uko nadonoa sawa kuku," Blandine alimtania.

"Kuku nayo inashiba, mama Blandine."

Darasa zima lilicheka, hata tata Godefroid. Lakini Blandine hakuchungulia hata mara moja. Alijua kila herufi ilipo kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani. Alijua pia kwamba tarakimu za kibodi ya Kifaransa, ile waliyochorewa, hazitoki mpaka kidole kidogo cha kushoto kikandamize kitufe cha pembeni, kile cha herufi kubwa, na baada ya miezi kumi na minne kidole hicho kilikuwa kinakwenda chenyewe. Akimaliza ukurasa aliinua mkono pasipo kutazama alichoandika. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya mwalimu: anayejikagua hajiamini.

Kichina kilikwama mapema. Mathieu, aliyekuwa akikifundisha, alipata kazi ya ukalimani mgodini baada ya somo la tisa. Wanafunzi wakabaki na salamu, hesabu, bei za sokoni na maneno ya kuagana.

Mwishoni mwa mwezi wa nane kampuni moja ilitangaza nafasi ya karani wa mizani ya malori. Walioitwa kwenye jaribio walikuwa kumi na mmoja, Blandine na Dimitri wakiwemo. Katika chumba chenye kiyoyozi kila mmoja alikuta kompyuta na karatasi yenye orodha ya malori arobaini: namba ya gari, kisha uzito wake. Waliambiwa wainakili kwa dakika kumi na tano.

Msimamizi alikuwa Mchina wa makamo, aliyefuatana na mkalimani ambaye Blandine hakumjua. Blandine alimwamkia kwa lugha yake, na bwana yule akatabasamu, akageuka kumwambia mkalimani jambo fulani huku akimwonyesha mama huyu. Blandine aliketi. Aliweka vidole mahali pake, akaelekeza macho kwenye karatasi.

Hakuna aliyekimbia kama yeye. Namba ya gari, uzito, mstari mpya; namba ya gari, uzito, mstari mpya. Kando yake alimsikia Dimitri akidonoa, tak, halafu kimya, halafu tak. Alimwonea huruma. Dakika kumi na moja zilipotimia alikuwa amemaliza. Akainua mkono, na baada ya hapo ndipo akainua macho.

Kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa na uzito wa lori hata moja. Palipotakiwa kuwa na tarakimu palikuwa na alama za mshangao, nyota, mabano na alama za dola, mistari arobaini. Namba za magari nazo zilikuwa zimevurugika. Aliitazama kibodi kwa mara ya kwanza tangu aketi. Haikuwa ya Kifaransa. Herufi kadhaa zilikuwa zimehama makazi yake, na tarakimu zilitoka zenyewe. Kukandamiza kitufe cha pembeni ndiko kulikozigeuza kuwa alama.

Msimamizi alikwisha kufika, naye alikuwa amebonyeza kitufe cha kuchapisha. Mkalimani alikuwa ametoka nje na simu. Blandine alitafuta maneno ya Kichina ya kusema kwamba mashine hii si ile aliyojifunzia, kwamba dakika nne zilizobaki zingemtosha kuandika upya hata theluthi ya orodha. Hayakuwemo katika masomo tisa. Alionyesha vitufe kwa kidole, akatamka neno pekee lililomjia, la somo la sita: si nzuri.

Bwana yule aliitazama ile karatasi iliyochapwa, akaafiki kwa upole: si nzuri.

Blandine akamshukuru, akamuaga, akatoka.

Dimitri aliandika malori ishirini na sita. Yote yalisomeka. Kazi akapewa yeye.

"Uliangalia bidole?" tata Godefroid alimuuliza Blandine siku iliyofuata.

"Sikuangalia, tata."

"Sasa ilikuwa nini?"

Alifikiria kumficha. Halafu akaona wasichana wa darasani wakipanga viti, ambao nao wangekutana na mashine kama ile, akamweleza yote. Mzee alilainisha kitenge mezani kwa mkono. Mwishowe alikikunja mara nne, akakitia mfukoni.

"Ile klavie ya kule," alisema, akimaanisha kibodi ya kampuni, "unaikumbuka?"

Aliikumbuka vizuri mno. Tarehe kumi ya mwezi wa tisa, baada ya kutoka majini, Blandine aliichora yote juu ya boksi jipya, pale ukumbini. Dimitri alipita akitoka kazini, akamsahihishia herufi mbili, akaondoka bila utani. Blandine aliijaribu. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha pembeni na kukikandamiza. Akakitoa. Kikarudi.

Akampisha Laure, msichana wa miaka ishirini na miwili.

"Na weye, mama Blandine, utajaribu tena siku gani?"

"Jana nilitimiza makumi tatu na tano," alisema, akiisogeza meza karibu na dirisha. "Anza. Angalia klavie kwanza."